Balozi wa Nyumba Kumi za Chini ya Boma

Sitaanza na alikozaliwa wala na ukoo wake. Sikuvijua, na kwa miaka yote niliyokaa Biharamulo sikumsikia mtu akimuuliza. Tulimwita Balozi, basi. Mke wake alimwita Balozi, watoto wake walimwita Balozi. Alikuwa balozi wa nyumba kumi zilizo chini ya Boma, katika mtaa mkongwe kuliko yote pale mjini, na mimi nilikaa nyumba ya saba.

Watu wengi wakisikia Biharamulo hufikiria mahali pa kunywa chai wakiwa njiani kwenda kwingine. Hata wakati ule ilikuwa hivyo. Basi lilisimama, abiria wakanyoosha miguu, wakaliona Boma jeupe juu ya kilima, wakauliza ni la nani, wakaambiwa lilijengwa na Wajerumani, wakapanda tena wakaenda zao. Mtaa wetu ulikuwa pale pale mbele ya macho yao na hakuna aliyeuona. Balozi peke yake ndiye aliyeuona, tena aliuona mno, na ndiyo maana nilimwogopa tangu juma la kwanza.

Nilifika pale kufundisha shule ya msingi, binti wa Ntobeye kule Ngara, nimeolewa miezi michache na dereva wa lori aliyerithi nyumba ya mjomba wake. Siku ya tatu Balozi akaja akasimama mlangoni. Alikuwa mfupi, mkavu, kaptula ya kaki imepigwa pasi, na koti zito ambalo hakulivua hata jua likiwa la kupasua kichwa.

"Shikamoo, mzee," nilisema.

"Marahaba, mwarimu. Vaa viatu nikuoneshe unapokaa."

Alikuwa Msubi, na kama wengi wetu wa huko Kiswahili tulikikuta shuleni na sokoni, kwa hiyo mimi nilikuwa "mwarimu" kwake mpaka mwisho. Alimwonesha hivyo kila mgeni wa mtaa, awe mwalimu, mwuguzi au karani wa mahakama. Alikutembeza nyumba hadi nyumba, mikono nyuma, akionyesha kwa kidevu. Tulianzia kwenye nyumba ya Mwarabu wa ngozi, yenye mlango wa mbao nene na baraza iliyolika katikati kwa makalio ya wateja. "Hapa aliondoka mtu," alisema. Mwarabu alifunga duka mwaka ule biashara zilipochukuliwa na serikali, akaacha birika jikoni na maji ndani yake. Tukaja kwenye duka la Mhindi wa vitambaa. Kwenye saruji ya baraza kulikuwa bado na vishimo vinne vya miguu ya cherehani. "Hapa waliondoka watu sita, asubuhi moja." Tukaja kwenye nyumba ya mjane wa askari wa zamani, aliyekwenda kisimani ikaonekana ndoo tu. Kila nyumba ilikuwa na mtu wake aliyeondoka. Nikamuuliza, "Na wanaokaa humo sasa?"

"Hao bado wapo," alisema. "Wa nini kuwasimulia?"

Tulipofika nyumba ya saba, yaani kwangu, alinipa mkono wa kuagana. Nikamuuliza nani aliondoka pale. Akanitazama kama mwalimu anavyomtazama mtoto aliyeuliza swali la darasa la juu, akasema mtu hapewi habari za nyumba yake mwenyewe, atalalaje? Akaenda. Jirani yangu, mama mmoja aliyeuza vitumbua, alicheka mpaka akashika nguzo ya baraza. Kwake pia alifanya hivyo hivyo, alisema, na ni miaka kumi na mbili hajui analala kwenye kitanda cha nani.

Funguo za nyumba zilizoachwa alikuwa nazo yeye. Alizifunga kwa kamba ya katani na kuziweka ndani ya lile koti, na alipotembea hazikulia. Niliwahi kumwona akiingia nyumba ya Mwarabu mchana, akakaa humo muda wa kupika maharage, akatoka na vumbi magotini. Alikuwa anafanya nini? Mama wa vitumbua aliniambia nisiulize, kwa sababu ukiuliza atakujibu.

Sheria ya wakati ule ilikuwa mgeni akilala kwako umripoti kwa balozi. Mabalozi wengine waliuliza mlangoni. Wetu hakuuliza. "Mimi siurizi," alipenda kusema. "Mimi naona." Alitazama kamba ya nguo, bakuli zilizoanikwa, moshi ulitoka saa ngapi na ulidumu kiasi gani. Mara moja mama wa vitumbua alimpokea mtoto wa dada yake bila kuripoti, akidhani siku mbili hazina neno. Jioni Balozi alipita uani, akaliona sufuria lililolowekwa, akainama akatazama ukoko. "Umesonga wa watu wanne," alisema. "Ninyi ni watatu." Hakukasirika. Alisubiri tu pale, mikono nyuma, mpaka mtoto mwenyewe akatoka ndani akamwamkia.

Ningeweza kumfanya awe mtu mbaya kabisa na ningelala usingizi. Lakini kuna ile habari ya sabuni. Miaka ya shida, mche mmoja wa sabuni ukifika duka la ushirika ilikuwa ni sherehe na ugomvi kwa pamoja. Balozi alipata mche wake kama kiongozi, na hakuna ambaye angemlaumu angeuweka ndani. Aliuleta barazani, akatoa uzi, akaukata vipande kumi kwa uzi ule, taratibu, na kila nyumba ikapata kipande. Chake kilikuwa cha mwisho, kile chenye pembe iliyobonyea. Halafu aliikunja karatasi ya ule mche akaiweka mfukoni, na nilimwona zaidi ya mara moja akiitoa na kuinusa akidhani yuko peke yake.

Alikuwa pia anaogopa radi. Mtu aliyetutetemesha wote, wingu likianza kuunguruma alirudi nyumbani mbio mbio na kukaa kitandani amepandisha miguu, na mke wake alimletea uji huko huko. Na hakuwahi kuingia ndani ya nyumba ya mtu anayekaa. Ulimkaribisha, ukamwekea kigoda, akasema "nimeshafika" akiwa bado kizingitini.

Kuhusu dada yake nilisimuliwa, sikuona. Wakati watu walipohamishwa kwenda vijiji vya ujamaa, mabalozi wa mjini walitumwa kusaidia kuandika alama za chaki kwenye nyumba za pembezoni zilizotakiwa kuvunjwa. Katika orodha ya Balozi mlikuwa na nyumba ya dada yake wa kunyonya ziwa moja. Angeweza kubadilishana na mwenzake. Hakubadilisha. Aliandika alama mwenyewe, dada akiwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi. Siku ya kuhama alirudi, akajitwisha mafiga matatu ya dada yake kichwani ndani ya gunia, akatembea nayo mpaka kijiji kipya, mwendo wa asubuhi hadi alasiri. Dada aliyapokea mafiga na hakumpa maji ya kunywa. Mama wa vitumbua alinisimulia haya akitaka nione kwamba Balozi ana moyo. Mimi niliona mtu anayeweza kumwandikia chaki ndugu yake, na sikusahau.

Kitu alichokipenda kuliko watu kilikuwa chokaa. Nyumba za mtaa wetu zilikuwa za udongo na mawe, na kila kiangazi kikianza alitusimamia tuzipake nyeupe, mbele na nyuma, kama Boma lilivyokuwa jeupe. Chokaa ilipokosekana tulichimba udongo mweupe bondeni tukautia chumvi kidogo usishike kwenye nguo, na chumvi yenyewe ilikuwa ya kutafuta. Tulinung'unika. Lakini nakiri kwamba jua lilipopiga zile kuta saa nne asubuhi, nilijisikia nakaa mahali. Balozi alisimama chini ya mtaa akizitazama, na huo ndio wakati pekee nilioona meno yake.

Halafu vita vikaja. Redio ilisema nduli amevuka mpaka wa kaskazini na jeshi lake, na siku chache baadaye tulianza kuwaona watu wenyewe, wamebeba magodoro na mbuzi, wanashuka kutoka huko. Magari ya jeshi yakawa yanapita kwenda juu mchana kutwa. Lori la mume wangu likachukuliwa na yeye akachukuliwa nalo, kuendesha. Ndege za adui zikasemekana zinatafuta kitu chochote cheupe au chenye mwanga. Tukaziba madirisha kwa magunia. Na watu wakaanza kusikilizana wanavyosema. Kwenye gulio la Nyakahura muuza tumbaku mmoja alitamka bei kwa lafudhi ya ng'ambo ya mpaka, watu wakamzunguka, na mpaka jioni tumbaku yake ilikuwa bado imetandazwa chini na hakuna aliyeigusa. Sisi Wahangaza tukisema kikwetu, asiyetujua husikia Kirundi. Nikaacha kuongea Kihangaza hata nikiwa peke yangu na kuku.

Wakati huo ndipo mdogo wangu alipokuja. Alikuwa mtu mzima wa miaka ishirini na mitano, mrefu, mikono mirefu, mwanamume pekee aliyebaki kwa mama yetu kule Ntobeye. Aliingia siku ya soko, katikati ya watu, amejitwisha mkungu wa ndizi ili uso usionekane. Alipoutua ndani alifunga mlango kwanza.

"Dada, nimetoroka."

"Umetoroka wapi?"

"Kambini. Walikuwa wanatufundisha mgambo. Kesho yake tungepandishwa magari."

"Kwa nini?"

"Niliogopa," alisema. "Sina sababu nyingine, dada. Niliogopa tu."

Nilimficha. Mtu asinisifu, maana nilimficha kwa hasira. Akikutwa alikuwa mtoro, na kwa lafudhi yake angeweza kuwa mpelelezi vile vile, na mimi nilikuwa mke wa mtu aliye vitani. Nikapika kidogo mara mbili badala ya kingi mara moja. Nikafua nguo zake na kuzianika ndani, chini ya kitanda. Sufuria nililisugua usiku huo huo mpaka likang'aa. Balozi alipita kila jioni, akatazama, akaenda.

Kisha Balozi akapokea amri, na ninaamini ilimuuma kuliko sote. Kuta zote nyeupe zisiribwe tope, ndege zisizione. Alizunguka nyumba kumi akisema kwa sauti ya chini, "Tope na majivu, mwarimu. Mbele na nyuma. Hadi Jumamosi." Tulichanganya udongo na mavi ya ng'ombe na majivu, tukafunika kazi ya miaka kwa viganja vyetu. Kwetu kusiriba ni kazi ya wanawake, na hufanywa kwa mkono mtupu, kiganja baada ya kiganja, kwa nusu duara. Mke wa Balozi alisiriba nyumba yao, na yeye alisimama akiipa ukuta mgongo.

Upande wa mbele nilisiriba mwenyewe, mchana, watu wakiniona. Upande wa uani, ulio ndani ya ua, nilichelewa kwa sababu ya shule. Niliporudi Jumamosi ile kutoka shamba la shule nikakuta umekwisha. Mdogo wangu alikuwa amechoka kukaa gizani, akaona atanisaidia, akausiriba vizuri sana, kuliko mimi, mpaka chini ya paa. Nilimshukuru. Mimi mwenyewe sikuona kosa lililokuwa mbele ya macho yangu.

Balozi alikuja kukagua tope likiwa bado bichi. Ua haukuwa ndani ya nyumba, kwa hiyo aliingia. Akatazama ukuta ule muda mrefu. Kisha akainua mkono wake na kuuweka juu ya alama ya kiganja kimoja, karibu na paa. Alama ilimzidi kidole kizima. Akajinyoosha mpaka akasimama kwa vidole vya miguu, na bado kulikuwa na alama nyingine juu yake asizozifikia.

"Umefika juu, mwarimu."

"Nilipanda kinu," nilisema.

"Kinu."

"Ndiyo, Balozi."

Akageuka akatazama kinu changu pale pembeni. Kilikuwa na vumbi na utando wa buibui mdomoni, maana mahindi yalikuwa yamekosekana tangu mwezi uliopita. Alichota tope kwenye ndoo, akanirudia, akaniambia nipande hicho kinu nizifute zile alama kwa mkono wangu mimi, zote, na yeye akasimama pale akingoja mpaka nilipofuta ya mwisho. Nilikuwa nalia nikiwa nimempa mgongo. Mdogo wangu alikuwa nyuma ya mlango, hatua nne kutoka kwetu.

Alipomaliza kutazama alitoa ufunguo mmoja ndani ya koti. "Nyumba ya Mwarabu nayo ni nyeupe, hadi ndani," alisema. "Anatakiwa mtu wa kuisiriba. Awe mrefu. Akae humo humo mpaka amarize, asitoketoke akachafua barabara."

Kesho yake ilinyesha mvua kubwa ya alasiri, njia ikawa tupu, na mdogo wangu akavuka akiwa amejifunika gunia. Wiki tatu alikaa mle. Kila siku baada ya shule nilipita na ndoo ya udongo, na ndani ya udongo, kwenye majani ya mgomba, mlikuwa na chakula. Nilikuwa nimekonda. Darasani niliandika tarehe nikakosea, watoto wakanisahihisha. Na siku moja, mdogo wangu alipoanza kulalamika kwamba maharage hayana chumvi, yote yalinipanda kwa mara moja. Nilimwambia kwa Kihangaza, kwa kunong'ona, na mlango umefungwa: "Wenzako wanakufa huko, na wewe umeniletea kifo chako nyumbani kwangu." Aliweka bakuli chini.

Siku iliyofuata nilikuta kufuli nje ya mlango.

Balozi alikuwa amekaa kwenye ile baraza iliyolika. Nikamuuliza mtu wangu yuko wapi. "Mtu gani?" alisema. Nikamuuliza tena. "Kazi imekwisha, mwarimu," alisema, "nenda nyumbani." Jioni mama wa vitumbua aliniambia, bila kunitazama, kwamba alimwona Balozi saa tisa akipanda kilima cha Boma, kwenye magari ya jeshi, na kijana mrefu mwenye gunia, na Balozi alikuwa nyuma. Alirudi peke yake.

Nilimchukia kwa namna ambayo sikujua ninayo. Nilifikiria dada yake na alama ya chaki. Nilijiambia alimweka mdogo wangu pale kama mtu anavyomfunga mbuzi, mpaka siku ya kumhitaji. Sikuweza kumshtaki popote, kwa kuwa ningemshtaki kwa lipi? Basi nikamfanyia kitu pekee nilichoweza. Nilimnyima shikamoo. Kwetu hata mlevi humwamkia mzee. Nilipishana naye njiani nimekaza shingo, na kila mara, bila kukosa, kwenye ule ukimya wangu yeye aliitikia: "Marahaba, mwarimu." Asubuhi na jioni, mbele ya watu. Nilidhani ananidhihaki.

Vita vikaisha. Mume wangu akarudi na sikio moja lisilosikia. Mdogo wangu hakurudi, wala barua, wala jina lake kwenye orodha yoyote isipokuwa ile ya watoro. Nikaomba uhamisho, tukahamia Ngara, na nyumba ya saba tukaiacha kwa mpangaji.

Sasa niseme ya mama. Kule Ntobeye aliitwa mama wa mtoro. Hawakumtukana usoni. Walimpa nafasi ya mwisho kwenye mstari wa shamba la kijiji, na msibani alitumwa kuchota maji, hakuitwa kwenye sufuria. Wanawake ambao wana wao walikufa vitani walikaa pamoja, na mama hakuwa na pa kukaa, maana wake hakuwa amekufa wala hakuwa hai. Alivumilia miaka zaidi ya kumi. Kisha kifua kikamshika, akajua hana siku nyingi, akaniita.

"Nenda kwa yule Balozi wenu wa Biharamulo, uliyesema aliondoka naye," alisema. "Muulize jambo moja tu. Mwanangu alikwenda akiburutwa, au alikwenda akitembea? Nataka kujua kabla sijafa."

Nikaenda. Nilimkuta barazani kwake mchana, koti lile lile, macho yamefunikwa na ukungu mweupe. Ubalozi alikuwa amepewa mtu mwingine na mke wake alikuwa amefariki. Tope la vita lilikuwa limebanduka kuta vipande vipande, na hakuna aliyepaka tena. Nilikuwa nimejiapiza sitamwamkia, lakini mdomo ulinitangulia.

"Shikamoo, Balozi."

Hakuitikia. Aligeuza sikio upande wangu. "Hiyo ni sauti ya nyumba ya saba," alisema. "Uriza."

"Mdogo wangu. Ulimpeleka?"

"Nilikwenda naye."

"Sikuuliza kama ulikwenda naye, mzee. Aliburutwa au alitembea?"

Akapapasa mifuko ya koti, hakutoa kitu. Akaniambia hivi. Mchana ule mdogo wangu alimgongea ukuta kutoka ndani, na alipofungua akamkuta amefunga gunia lake, yuko tayari. Alisema anataka kwenda vitani. Balozi alimwambia anaweza kumficha hadi mwaka uishe. Alikataa. Walipanda pamoja hadi yalipokuwa yanasimama magari ya jeshi, na pale Balozi akasema huyu ni mtu wa nyumba kumi zake, akamtaja kwa jina jingine, kwa sababu lake lilikuwa limeshaandikwa kwa watoro. Mdogo wangu akapanda gari la tatu.

"Jina gani?"

"La mwanangu aliyekufa mdogo. Halikuwa na mwenyewe."

"Mbona hukuniambia? Miaka yote hii, Balozi!"

"Aliniomba. Alisema, dada akijua nimekwenda mwenyewe atasema ni kwa lile neno alilonitamkia, la kuleta kifo nyumbani, na hatapona. Akidhani ni wewe umenitoa, atakuchukia wewe, na atalala." Akageuza uso upande wangu, si sawasawa nilipokaa. "Je, ulilala, mwarimu?"

Neno lile nililitamka kwa kunong'ona, ndani ya nyumba iliyofungwa, na lilisikiwa na mtu mmoja. Ni mdogo wangu tu aliyeweza kumpa. Au la, Balozi alikuwa nje ya dirisha siku ile, kama alivyokuwa nje ya madirisha yetu sote kwa miaka yote ile, na Kihangaza Msubi anakielewa bila shida. Kama ndivyo, alikuwa na kila kitu cha kutungia habari ya kunituliza mimi na kujitakasa yeye. Nilimtazama uso ule, nikautafuta ukweli kama yeye alivyokuwa akiutafuta kwenye ukoko wa sufuria, na sikuona chochote. Mimi sikuwa na jicho lake. Nilimshika mkono, ulikuwa mkavu na mwepesi, nikaondoka. Mwaka huo huo niliambiwa amefariki.

Nilifika Ntobeye kesho yake adhuhuri. Mama alikuwa amekalishwa uani kwenye mkeka, na alianza kunitazama tangu nilipotokea kwenye migomba.

"Amesema nini?"

"Alikwenda akitembea, mama. Mwenyewe. Alipanda gari akaenda vitani."

Alifumba macho. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa wiki mbili: alisimama, akashika fito za ua, akaita majirani kwa majina, mmoja mmoja, kwa sauti iliyokatikakatika. Walikuja na mikono yenye unga na watoto mgongoni. Walikuja hata wale ambao wana wao walikufa vitani. Mama akawaambia, akarudia, na kila aliporudia aliongeza kidogo: gari lilikuwa la mbele, mwanawe ndiye aliyelisimamisha, aliimba. Sikumsahihisha. Wanawake wale wakamkalisha katikati yao, na mmoja akavua kitenge chake cha juu akamfunika mabega.

Ndipo akanigeukia, wote wakisikiliza.

"Na wewe uliyemwona mwisho, mwanangu. Mlipoagana ulimwambia nini?"

Nilisema nilimwambia aende salama na arudi. Mama akanivuta mkono, akanikalisha kando yake, na wanawake wakasogea kunipa nafasi.